Wamama wa Kitambo Hawakuwa na Muda. Uzi Walisokota Saa Ngapi?

Kuna sentensi moja ambayo watu wa rika letu huisema kila wakiona picha ya mwanamke wa zamani ameshika kiondo: "Wamama wa kitambo walikuwa na muda mwingi." Ati hakukuwa na simu, hakukuwa na foleni ya magari, hakukuwa na bosi wa kukungoja saa mbili asubuhi, kwa hivyo walikaa tu chini ya mti wakisokota uzi hadi jua lizame. Nimeisikia Nairobi, nimeisikia Eldoret, na juzi nimeisikia hapa hapa Misikhu kwenye steji ya boda, kutoka kwa msee ambaye mamake mwenyewe hulala saa tano usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri.

Wasee, hiyo stori haisimami. Ukifuatilia historia ya uzi unapata kinyume chake: karibu kila mahali, aliyesokota uzi ndiye aliyekuwa na kazi nyingi zaidi kwa boma lile. Na alisokota kwa sababu hiyo hiyo. Uzi ndio ulikuwa kazi iliyokubali kufanywa vipande vipande, katikati ya zile zingine zote.

Kwanza tupige hesabu, maana wengi hatujui uzi ni mwingi kiasi gani. Chukua shuka ya kawaida, upana mita 1.2, urefu mita 2. Kitambaa hufumwa kwa nyuzi za aina mbili: mtande, zile zinazonyooshwa kwanza kwa urefu, na mshindio, unaopitishwa katikati yake kwa upana. Tuseme kitambaa chetu si laini sana, kina nyuzi 10 kwa kila sentimita pande zote mbili. Mtande unataka nyuzi 1,200 zenye urefu wa mita 2, hiyo ni mita 2,400. Mshindio unataka nyuzi 2,000 za mita 1.2, nayo ni mita 2,400. Jumla mita 4,800. Karibu kilomita 5 za uzi, na hatujahesabu unaokatika. Sasa mpe msokotaji mzoefu mwendo wa mita 50 kwa saa kwa kijiti cha mkono. Ni saa 96. Akiiba saa 2 kila siku, ni siku 48 kwa shuka moja, na boma lina watu saba wanaohisi baridi.

Hayo ni makadirio yangu, badilisha nambari ukitaka. Hata ukimpa mwendo mara mbili ya huo bado ni siku 24. Kufuma kwenyewe hakuchukui muda wote huo. Kule Uingereza kabla ya mashine, mfumaji mmoja alihitaji wasokotaji kadhaa wa kumlisha uzi, na ndiyo maana mashine za kwanza kuvuma kule miaka ya 1760, kama ile ya James Hargreaves, zilikuwa za kusokota. Hapo ndipo kazi yote ilikuwa imekwama.

Kwa wale hawajawahi kuona, kusokota ni hivi. Unyuzi mmoja wa pamba una urefu wa sentimita 2 au 3 tu, ukiuvuta unatoka kama nywele ya paka. Lakini ukivuta kidogo kidogo huku ukizungusha, nyuzi hizo fupi zinashikana kwa msuguano na hazitoki tena. Kadiri unavyozivuta ndivyo zinavyokazana. Kifaa chake ni kijiti chenye kitu kizito mwishoni, jiwe au kigae chenye tundu, ili kikizungushwa kiendelee kuzunguka chenyewe wakati vidole vinatoa pamba. Ukitumia makonge au magome ya miti hata kijiti hauhitaji, unasokota kwa kiganja juu ya paja. Vidole vikishazoea, macho yako huru kuangalia kitu kingine.

Sasa fikiria mtoto amelia. Unaweka kijiti chini, unamnyonyesha, unarudi, unaanza pale pale ulipoachia. Hakuna kilichoharibika. Jaribu hivyo na ugali uone. Jaribu na ng'ombe umemkamua nusu, au na chuma kikiwa motoni.

Mwaka 1970 mwanaanthropolojia mmoja wa Marekani, Judith Brown, aliandika makala fupi ambayo mimi naona kila kijana anafaa kujua imesema nini. Swali lake lilikuwa: mbona kazi fulani huishia kwa wanawake katika jamii nyingi hivyo, jamii ambazo hata hazijuani? Jibu lake halikuwa nguvu wala akili. Alisema kazi zinazoenda na kulea watoto ni zile ambazo hazihitaji kuwaza sana, zinakatizwa na kurudiwa bila hasara, hazimhatarishi mtoto, na hazimpeleki mtu mbali na nyumbani. Baadaye, mwaka 1994, Elizabeth Wayland Barber akaandika kitabu kizima cha historia ya nguo kikianzia kwa wazo hilo. Kusokota kunapita masharti yote manne. Karibu ungedhani masharti yaliandikwa na mtu aliyekuwa akimwangalia msokotaji.

Na si lazima uende Marekani kuona. Wanawake wa Kikuyu na Wakamba wamejulikana miaka mingi kwa kusokota na kusuka kiondo wakitembea. Mzigo mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso, mikono iko huru, kwa hivyo mikono inafanya kazi hadi sokoni na kurudi. Zamani walitumia nyuzi za vichaka na magome, Wakamba wakitoa nyingine kwenye mbuyu. Makonge ni mgeni: yaliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na inasemekana ni miche 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutoka hiyo miche 62 yakaenea mashamba makubwa ya Tanga, yakavuka kuja Kenya, hadi leo ni ua wa boma letu.

Ethiopia nako, wanawake bado wanasokota pamba kwa mkono, kwa kijiti, wakiongea na majirani na watoto wakicheza pembeni. Uzi huo unapelekwa kwa mfumaji, mara nyingi mwanamume, anayekaa mbele ya mtambo wake kama mtu wa ofisi na kufuma zile shuka nyeupe unazoona Wahabeshi wamevaa sikukuu. Shika hiyo picha: yeye ana kiti, ana mahali pa kazi, ana saa za kazi. Yule wa uzi hana mahali, anasokotea popote alipo.

Mamangu husokota kamba. Si uzi wa nguo, ni kamba za makonge za kufungia ng'ombe na mbuzi, kile sisi Wabukusu huita kumukoye. Anakata majani ya makonge uani, anayaparua kwa panga juu ya ubao hadi ile nyama ya kijani itoke (utomvu wake unawasha vibaya, usijaribu ukiwa umevaa kaptura), anaosha, anaanika kwenye waya wa nguo, halafu anasokota. Anauza sokoni hapa Misikhu pamoja na mboga zake. Mwezi uliopita niliamua kuandika kwa simu, kwa kamba moja tu, kila wakati alipoigusa. Kamba hiyo ilitoka kwa vipande 17 katika siku 6. Kipande kirefu zaidi kilikuwa dakika 25, maharagwe yakichemka. Kifupi kabisa kilikuwa dakika 3, akingoja mtu wa boda alete chenji. Kulikuwa na kipande cha kwenye ibada ya mazishi, chini ya hema, kabla mahubiri hayajaanza. Kulikuwa na kingine saa nne usiku stima ikiwa imepotea, na sisi wengine tukilalamika hakuna kitu cha kufanya.

Nilipomwonyesha orodha alicheka. "Kwani hiyo ni kazi? Hiyo ni mikono tu."

Hilo jibu ndilo lililonifanya nianze kusoma historia, kwa sababu nikagundua wanahistoria na wasafiri wengi walifikiri vile vile.

Tuende pwani. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita pwani yetu, akashuka Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Kuhusu Mogadishu alisifu kitambaa kilichofumwa pale, kilichobeba jina la mji na kuuzwa hadi Misri. Sasa rudi kwa hesabu yetu: kitambaa cha kuuzwa hadi Misri ni kilomita ngapi za uzi? Kila kilomita ilipita kati ya vidole vya mtu. Huyo mtu hatajwi. Kitambaa kinatajwa, mji unatajwa, chakula alichoandaliwa mgeni kinaelezwa kwa urefu kabisa, kuna wali na samli na kachumbari za kila aina. Msokotaji, hakuna.

Aliyemleta msokotaji mezani ni jembe. Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960 alitoa ardhini vigae vidogo vya mviringo vyenye tundu katikati, vingi vikiwa vimekatwa kutoka vyungu vilivyovunjika. Hizo ni zile uzito za kijiti cha kusokotea. Vimepatikana pia miji mingine ya pwani. Mimi hicho kitu kinanishika sana. Chungu kimevunjika, mtu ameokota kipande, amekisugua hadi kiwe duara, amekitoboa, amekitia kijiti, na kazi inaendelea. Ni takataka ya jikoni iliyogeuzwa kuwa mashine, na imeishi ardhini mamia ya miaka wakati nguo zenyewe zilioza zamani.

Wareno walipofika mwanzoni mwa miaka ya 1500, mmoja wao, Duarte Barbosa, aliandika kuhusu Waislamu wa Sofala, kusini huko Msumbiji ya leo. Walilima pamba na kufuma vitambaa vyeupe. Rangi hawakuwa nayo, kwa hivyo walinunua vitambaa vya rangi kutoka Cambay, India, wakavifumua, wakatoa nyuzi za rangi na kuzifuma upya pamoja na nyeupe za kwao. Na kisiwani Pate walifuma vitambaa vya hariri vilivyotamaniwa pwani nzima, wakifumua hariri kutoka ng'ambo. Yaani sisi hufikiri kuvunja nguo ya mtumba na kutengeneza fasheni mpya ni akili ya Gikomba. Ilikuwa Sofala miaka 500 iliyopita.

Halafu ikaja merikani.

Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said, mwaka 1837 balozi mdogo wao wa kwanza akakaa Zanzibar, na meli kutoka mji wa Salem, Massachusetts, zikaanza kushusha kitambaa kigumu cha pamba, kisichopakwa rangi, cha bei nafuu. Watu wakakiita kwa jina la walikotoka wauzaji, na hadi leo fundi wa nguo ukimwambia merikani anajua unataka nini. Kitambaa hicho kiliingia bara kwenye misafara kama pesa. Kilihesabiwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Ulilipa ushuru wa njia kwa doti, ulinunua chakula kwa mikono, na pembe ya ndovu kwa majora.

Uzi wa merikani ulisokotwa na mashine, na mashine nyingi kule Massachusetts zilihudumiwa na wasichana waliotoka mashambani, wakiitwa kazini kwa kengele. Pamba yake ilichumwa na watumwa kusini mwa Marekani. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861, merikani ikaadimika na vitambaa vya Uingereza na India vikajaza pengo. Kwa hivyo tukisema mashine ilimwokoa mwanamke na kazi ya uzi, tuulize ni mwanamke yupi. Yule wa pwani alipata kitambaa rahisi, sawa, na sidhani alilia kuacha saa 96. Ila kazi haikupotea duniani, ilihamia kwa watu wengine waliokuwa na uhuru mdogo zaidi wa kusema hapana.

Na kuna kitu kingine kilipotea. Yule wa vigae vya Kilwa, hata kama hakuna aliyemwandika, alikuwa na uzi mkononi ambao mfumaji aliuhitaji. Merikani ilipokuja, hitaji hilo likaisha. Muda ulibaki kwake, lakini sijaona mahali historia inasema aliutumia kupumzika. Ulimezwa na kazi zingine za boma. Mnajua vile inaenda: mashine ya kufua ikinunuliwa, mtu hapumziki, nguo zinafuliwa mara nyingi zaidi.

Huku kwetu bara, magharibi, lazima tuwe wakweli: Wabukusu wa zamani hawakusokota pamba ya nguo. Walivaa ngozi. Kilichosokotwa ni kamba za mifugo, za kujengea nyumba, za kubebea mizigo. Majirani zetu Wajaluo walikuwa na chieno, ule mkia wa nyuzi uliovaliwa na mwanamke aliyeolewa, nao ulikuwa ni nyuzi za mmea zilizosokotwa moja moja. Kitambaa kilitufikia na misafara ya Waswahili iliyopiga kambi Mumias, halafu reli ikafika Kisumu mwaka 1901, na baadaye nyingine ikapita Broderick Falls, ile tunaita Webuye sai. Kufikia hapo ngozi ilikuwa imeanza kuitwa ushamba na wamishonari na wafanyabiashara kwa pamoja.

Kisha serikali ya mkoloni ikataka kodi kwa pesa, na pamba ikaletwa kama njia ya kuipata. Upande wa Malakisi na Busia watu walilima pamba, na Malakisi kukawa na kinu cha kuichambua. Kukhu yangu alizaliwa upande huo kabla ya kuolewa huku. Anakumbuka kuchuma pamba akiwa msichana, vidole vikichomwa na maganda, magunia yakipelekwa kinuni. Nikamuuliza kama waliwahi kusokota hata kidogo, hata cha kushonea kifungo. Akaniangalia kama nimeuliza kama waliwahi kula mbegu. Pamba ilikuwa ya kuuza. Ililimwa hapa, ikachambuliwa hapa, ikasokotwa mbali, ikarudi ikiwa nguo yenye bei. Baada ya uhuru tulijaribu kuirudisha hiyo kazi nyumbani: Kicomi kule Kisumu, na Rivatex Eldoret mwaka 1976. Katikati ya miaka ya 1980 Kenya ilikuwa ikitoa takriban marobota 70,000 ya pamba kwa mwaka. Soko likafunguliwa miaka ya 1990, mitumba ikamwagika, viwanda vikafungwa. Rivatex ilichukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kufunguliwa upya 2019. Hiyo ni stori ndefu, siku nyingine.

Aliyewahi kuutangaza uzi wa mkono kuliko wote alikuwa mwanamume, Mohandas Gandhi. Aliwaambia Wahindi waache vitambaa vya Uingereza na kila mtu asokote angalau nusu saa kwa siku. Mwaka 1924, yeye akiwa rais wa chama cha Congress, ikapitishwa kwamba mwanachama atoe yadi 2,000 za uzi kila mwezi badala ya ada ya pesa. Nusu saa kwa siku! Wanasiasa na mawakili wakashindwa. Sharti lenyewe lilimruhusu asiyetaka kusokota alete uzi uliosokotwa na mtu mwingine, na mwaka uliofuata likalegezwa kabisa, ukaruhusiwa kulipa pesa tena. Mimi namheshimu mzee, na gurudumu lile lilitikisa ufalme. Lakini manze, hebu fikiria ni nani alikuwa "mtu mwingine" wa kusokotea wakili uzi wake. Wanaume wenye vyeo waliombwa dakika 30 ikawa ni azimio la chama, ikawekewa kanuni, ikajadiliwa mkutanoni. Wanawake vijijini walikuwa wanatoa zaidi ya hizo karne na karne bila mtu kupiga kura.

Kwetu sindano za kufumia zilikuja na shule za misheni, halafu na vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952, wakati wa Hali ya Hatari, wanawake wa Kizungu wakiwa usukani. Wanawake walifundishwa usafi, upishi, kushona, kufuma sweta. Kukhu alijifunza kufuma vitambaa vya viti katika kundi la namna hiyo, na kama umewahi kuingia sebule ya Bungoma unajua ninaongea juu ya nini: kila kiti kimevaa, hadi redio. Angalia lakini uzi ulitoka wapi. Dukani, umeviringishwa tayari. Mwanamke alifundishwa hatua ya mwisho, ile ya kupamba, na ile ya kwanza ikabaki kiwandani. Kukhu hajali, anasema uzi wa duka haukatiki. Ni kweli. Bado anafuma vile vile mama anavyosokota, vipande vipande, akiweka chini na kuokota.

Kuna mahali Kenya hatua ya kwanza ilirudishwa mikononi kwa malipo. Nanyuki, tangu miaka ya 1970, kuna kikundi cha wanawake wanaosokota sufu ya kondoo kwa gurudumu, wanaitia rangi na kufuma mazulia. Njoro nako kulianza Kenana Knitters mwaka 1998, wanawake wa vijijini wakisokota na kufuma. Ninawataja kwa sababu huko mtu anayesokota anajulikana ni msokotaji. Uzi una bei yake, kabla haujawa kitu kingine.

Sasa turudi kwa ile sentensi ya muda mwingi. Utafiti wa matumizi ya muda wa mwaka 2021, wa shirika la takwimu la taifa, KNBS, ulipata kwamba wanawake Kenya hutumia karibu mara 5 ya muda wa wanaume kwa kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Hiyo ni sasa, tukiwa na gesi, mabomba na mashine za kusaga kila kituo. Mtu akikwambia nyanyake alikuwa na muda, muulize nani alisaga wimbi kwa jiwe. Nani alichota maji Nzoia. Nani alifuata kuni.

Najua pia kuna wanaosoma hii wakiwa na sindano na uzi wao, maana sai kufuma kumerudi kwa nguvu, hadi vijana wa chuo wanauza kofia na vikapu mtandaoni. Wengi hunitumia ujumbe wakiuliza vile mtu anapata muda wa kazi ya mikono akiwa na masomo, kazi na mtoto mdogo. Mimi sina mtoto, sina ushauri. Ninachoweza kusema ni kwamba historia haijanionyesha mtu aliyepewa masaa matatu matulivu ya kusokota, labda malkia. Ratiba ya kazi hii ilikuwa dakika 3 hapa na dakika 25 pale, na kifaa kikae mahali mkono unafika. Mama huweka makonge yake kwenye kikapu mlangoni, si kabatini. Ukiangalia vizuri, kijiti cha kusokotea kilidumu duniani kote hata baada ya gurudumu kuvumbuliwa kwa sababu gurudumu halitembei na wewe kwenda kuchunga.

Kinachonisumbua ni bei. Video zangu tatu za mwisho zenye mikono ya mama ziliangaliwa kuliko zote za mwaka huu, na tumekubaliana nusu ya chochote kinachoingia ni yake. Hilo lilikuwa rahisi. Kamba yenyewe ndiyo ngumu. Nilijumlisha vile vipande 17, nikapata saa 3 na dakika kidogo, na hapo sijaweka kuparua, kuosha wala kuanika. Nikagawanya bei ya kamba kwa hizo saa. Nikamwambia mama, hata mtu wa kupalilia mahindi analipwa zaidi ya hii.

Akasema nikihesabu hivyo hakuna mtu atanunua kamba, watanunua ya plastiki. Nikasema basi ongeza kidogo. Tukabishana kama siku mbili, kukhu akiwa refa, na kukhu alikuwa upande wangu, kitu ambacho hakitokei. Jumamosi mama akaongeza shilingi 30. Mnunuzi wa kwanza, mzee wa huku juu mwenye ng'ombe wawili, aliipima kamba kwa kiwiko, mkono mmoja, miwili, mitatu, akaivuta, akasema bei imekuwa ya Nairobi, akaenda. Wa pili akalipa bila kuuliza. Zimebaki nne.